Uzio wa Kidonge cha Njano

Waliniingiza kwenye kamati kwa sababu mke wangu amekufa. Sitii chumvi. Kanuni zao zinasema kamati yoyote inayozungumzia dawa lazima iwe na mwakilishi wa wagonjwa, na asipokuwepo kikao si kikao, hata chai hailetwi. Kwanza walimpata mgonjwa mwenyewe, mama mmoja mwenye ugonjwa uleule uliomchukua mke wangu, lakini ngazi za jengo lao zilimshinda. Alikaa chini katikati ya safari akaomba arudishwe kwake. Basi wakubwa wakakubaliana kwamba mgonjwa anasumbua. Anayefaa ni mfiwa: uchungu anao, na mapafu anayo.

Mimi ni fundi wa mageti. Nachomelea milango ya maduka, madirisha, uzio, chochote cha chuma. Shule niliishia njiani, na sioni aibu kulisema hilo, maana walioimaliza nimekaa nao meza moja na nimeona walichokwenda kukichukua huko.

Ugonjwa wenyewe ni wa pumzi. Mishipa ya mapafuni inakaza kidogo kidogo, moyo unasukuma kwa taabu, na mtu anaanza kuchoka kwa kupanda ngazi, baadaye kwa kufagia, mwisho kwa kucheka. Hauponi. Ila kuna kidonge cha njano kinachoilegeza ile mishipa. Ukimeza kimoja kila siku unaishi kama watu. Kinatoka kwenye kampuni moja ya ng'ambo, na bei yake ukiisikia unaangalia nyuma kama kuna mwingine anayeambiwa.

Mke wangu alikuwa anakikata. Katikati ya kidonge kuna mstari, basi yeye anakilaza juu ya kisosi, anaegesha wembe kwenye mstari, anabonyeza kwa kidole gumba. Nusu leo, nusu kesho. Mwishoni akawa anakata hata zile nusu, na nusu haina mstari, inapasuka ovyo. Alikuwa analamba unga uliobaki kwenye kisosi kama mtoto aliyepewa sukari.

Sasa binti yetu naye anao. Kaurithi, ndivyo walivyosema hospitali. Anaishi kwangu na wanawe tangu mumewe alipokwenda kutafuta maisha, maisha yakampata hukohuko. Kisosi ni kilekile. Wembe tu ndio mwingine.

Kwa hiyo walipokuja kuniita kwenye kamati sikukataa, kwa sababu Daktari wa Kona alikuwa ameshaniambia habari yote.

Daktari wa Kona si daktari. Ni mfamasia wetu, mwenye duka pale njia zinapokutana, na dawa nyingine huwa anaziagiza mwenyewe kutoka nje. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumrekebishia komeo.

"Fundi," akaniambia, "kuna kiwanda kingine kinatoa dawa hiyohiyo ya binti yako. Cheupe, hakina mbwembwe, na bei yake hata wewe na ubahili wako utacheka. Mamlaka ya dawa wamekipima wakakipitisha. Ruhusa ya ubora ninayo."

"Sasa unangoja nini? Nimzike na huyu?"

"Nangoja wakubwa. Wenye kidonge cha njano wana hataza. Nikileta cheupe wakanishitaki, duka hili utalikuta linauza vocha za simu."

"Hataza ndiyo mdudu gani?"

"Ni haki ya mvumbuzi. Umebuni kitu, serikali inakupa miaka yako ule peke yako, mwingine haruhusiwi kukiiga. Wizara ikatuambia sisi waagizaji tusubiri, itaunda kamati ya kuangalia hataza hiyo inaishia wapi na nani anaweza kushindana. Imetuambia hivyo tangu mama watoto wako yuko hai. Ndiyo kwanza inaundwa. Kamati ikisema hakuna tatizo, naagiza siku hiyohiyo."

"Ikisema kuna tatizo?"

Akalichezesha komeo langu, likafunga vizuri.

*

Jina lake lilikuwa Kamati ya Kuelewa Mawanda ya Hataza na Mazingira ya Ushindani wa Kidonge cha Njano. Lilikuwa kwenye bango juu ya mlango wa chumba cha mikutano, na kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba kuliko kamati, yale maneno ya Kidonge cha Njano yalikunja kona yakaishia ukutani, karibu na swichi ya taa.

Chumba kilikuwa juu kabisa ya jengo. Kiyoyozi kilitupiga baridi mpaka Mwenyekiti akawa anavaa koti na skafu, halafu anaagiza chai ya moto ya kupambana na kiyoyozi. Kila mtu alikuwa na kipaza sauti chake ingawa tulikaa karibu kiasi kwamba mmoja akipiga chafya wa pili anafuta karatasi. Choo cha ghorofa yetu kilifungwa kwa matengenezo tangu jengo lifunguliwe, kwa hiyo kila mapumziko tulishuka ghorofa moja, tunapita mbele ya mlango wa kioo ulioandikwa Ofisi ya Usajili wa Hataza, tunampungia mkono mzee mmoja anayesoma gazeti humo ndani, tunakwenda haja zetu, tunarudi kuendelea kuelewa.

Mwenyekiti nilimbatiza jina la Kwa Ufupi. Kila akitaka kuongea alianza na "kwa ufupi," na ukisikia hivyo unaweza kwenda kunyoa nywele, ukarudi, ukamkuta bado yuko kwenye utangulizi. Kushoto kwake alikaa Wakili wa kamati, mtu mwembamba mwenye miwani, anayezungumza kama anayehesabu mbegu. Kulia alikaa mchumi, dada mmoja mchangamfu ambaye kazi yake ilikuwa kuchora maduara ya washindani ukutani kwa mwanga wa mashine. Huyo tulimwita Dada Duara, na mwenyewe alifurahi. Wengine walikuwepo kwa ajili ya kutikisa kichwa.

"Hataza ni kama uzio," Wakili alianza, akanitazama, maana aliambiwa kazi yangu. "Ndani ya uzio ni mali ya kampuni. Nje ya uzio kila mtu apite. Mawanda ya hataza maana yake ni nguzo zimechimbiwa wapi. Tukizijua nguzo, tutajua kidonge cheupe kiko ndani au kiko nje."

Hapo nikatulia. Nguzo nazijua. Nikasema moyoni, hawa watu watamaliza kabla mvua hazijaanza.

Nguzo ya kwanza, Wakili akasema akisoma karatasi za ng'ambo, ni dawa yenyewe iliyomo ndani ya kidonge. Ya pili ni utando wake na ile rangi ya njano. Ya tatu ni mstari wa katikati, ndiyo, hata mstari umevumbuliwa na mtu. Na ya nne ni namna ya kukimeza: asubuhi, baada ya kula, kwa maji. Nguzo tatu za mwanzo zilipita mchana mmoja. Ya nne ilitukalia kooni.

"Kwa ufupi," Mwenyekiti akasema, na baada ya muda mrefu akafika kwenye swali, "chai ni maji?"

"Chai ni maji yenye majani, Mheshimiwa," alisema Dada Duara.

"Na yenye maziwa?"

"Hapo," Wakili akasema, "inategemea maziwa yameingia kwa nia gani."

Nikabonyeza kipaza sauti changu. "Samahani wakubwa. Binti yangu anakimeza na uji. Huyo ameruka uzio?"

Wakili akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Uji wa uzito gani?"

Nilidhani ananitania. Nikacheka peke yangu, kipaza sauti kikakisambaza kicheko changu chumba kizima, na katibu akaandika kwamba Mwakilishi wa Wagonjwa ameomba ufafanuzi kuhusu vinywaji vizito. Ikaundwa kamati ndogo ya uji. Sitanii.

"Na anakikata kwa wembe," nikaongeza, "kwa sababu kizima hakiwezi kifedha."

"Akikata kwenye mstari," Wakili alisema kwa upole, "anatumia mstari wa kampuni kihalali, kwa kuwa amenunua kidonge. Akikata pembeni ya mstari, mjadala unakuwa wazi."

Nilimtazama vizuri. Alikuwa hana ubaya. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu mbaya unamrukia. Huyu utamfanya nini?

Jioni hiyo binti yangu alikuwa ameketi kibarazani anachambua nguo za watoto, na nilipokaribia aliniuliza kabla sijavua viatu.

"Baba, kamati imefika wapi?"

"Imefika kwenye uji."

"Uji gani?"

Nikamweleza. Akacheka. Alicheka kama mama yake, kichwa nyuma, mkono kifuani, kisha kicheko kikamwishia njiani akabaki anatafuta hewa, midomo inakuwa na rangi ya wino. Nikamshika mabega mpaka pumzi ikarudi.

"Usinichekeshe, baba," akasema. "Kucheka siku hizi ni gharama."

*

Walipochoka na uzio wakahamia kwenye mazingira ya ushindani. Hapo Dada Duara alikuwa nyumbani kwake. Alizima taa, akaangaza ukuta. Katikati kulikuwa na duara kubwa la njano: kampuni yenye kidonge. Pembeni kulikuwa na vijiduara vya viwanda vingine vya nchi za mbali, vinavyotengeneza dawa hiyohiyo na kuuza kwa bei ya kueleweka. Kimojawapo kilikuwa cheupe. Nikakikodolea macho kile kijiduara kama mtu anayemwona nduguye kwenye umati.

"Na sisi tuko wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Sisi hatutengenezi, Mheshimiwa."

"Kwa ufupi, siwezi kumpelekea waziri ramani ambayo nchi yetu haimo."

Basi Dada Duara akachora duara jingine, la kijani, akaliandika Kiwanda Tarajiwa. Mwenyekiti akasema liongezwe kidogo. Likaongezwa. Akasema bado linaonekana lina unyonge. Kufika saa ya chakula kiwanda chetu kisichokuwepo kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani, kimelifunika duara la njano, na kile kijiduara cheupe sikukiona tena. Wote wakapiga makofi. Ilionekana tumeshinda.

Kisha wakasema haiwezekani kuelewa washindani kwa kuangalia ukuta, lazima waonekane kwa macho. Ikaandaliwa ziara ya mafunzo kwenye kiwanda cha kidonge cheupe. Mimi sikwenda kwa kuwa sikuwa na pasipoti, na kwa kuwa ziara si kikao, hawakunihitaji. Walirudi wamenenepa mashavu. Walinionyesha picha zao wamevaa makoti meupe na kofia za nailoni, wamejipanga mbele ya mashine kama waliooana nayo. Mwenyekiti aliniletea zawadi ya fulana yenye nembo ya hoteli.

"Na kidonge?" nikauliza. "Hamkuja nacho hata kimoja?"

"Fundi, mzee wangu," akanipigapiga begani, "tungekileta kabla hatujaelewa mawanda, tungekuwa tumevunja sheria."

Fulana ilinibana. Nikaifanya tambara la kufutia grisi.

*

Kitu kilichobaki, wakasema, ni kuipa kampuni haki ya kusikilizwa. Ikatumwa barua, na kampuni ikamleta mwanasheria wake, mama mmoja mtulivu mwenye mkoba mdogo. Nilishangaa hana mafaili. Upande wetu mafaili yalikuwa yamepangwa mezani mpaka yakamficha katibu.

Kwa Ufupi alimkaribisha. Alimkaribisha mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Hatimaye akasema, "Tunaomba sasa mtuonyeshe mipaka ya hataza yenu katika nchi yetu."

Yule mama akatutazama mmoja mmoja, kama anayesubiri atakayeanza kucheka.

"Katika nchi yenu?" akasema. "Hapa hatuna."

"Hamna nyaraka? Tunaweza kuwapa muda mzilete."

"Hatuna hataza, Mheshimiwa. Hataza huombwa nchi kwa nchi. Unapoomba na kulipia ndipo unapolindwa. Hapa hatukuwahi kuomba."

Kiyoyozi kikanguruma. Mtu mmoja wa kutikisa kichwa akatikisa, kisha akagundua hakuna cha kukubali, akaacha.

"Kwa nini hamkuomba?" Wakili akauliza.

"Soko dogo. Gharama za mawakili hazirudi." Akafunga mkoba wake. "Na hakuna aliyekuwa anatusumbua. Kila mwagizaji aliyetaka kuleta kidonge kingine aliambiwa na wizara asubiri. Baadaye tukasikia mmeunda kamati, tukaona yatosha."

Sikumbuki nani aliongea baada ya hapo. Nilikuwa naona kisosi. Nilikuwa namwona mama watoto anaegesha wembe, amekunja uso, anajitahidi asipoteze hata chembe. Miaka yote ile hapakuwa na uzio. Hapakuwa na nguzo, hapakuwa na waya, hapakuwa na mlinzi. Palikuwa na uwanja mtupu, ng'ombe angepita, na mke wangu alisimama pembeni mpaka akafa kwa sababu wenye vyeo walisema tusubiri geti lifunguliwe.

Nilipozinduka walikuwa wanarushiana mpira.

"Kujua kama hataza ipo ni suala la sheria," alikuwa anasema Dada Duara, amesimama.

"Nani yuko sokoni na kwa haki gani, hayo ni mazingira ya ushindani," Wakili akajibu. "Hiyo ni ramani yako, dada yangu, usinitupie mimi. Mimi niliambiwa nieleze uzio. Sikuambiwa nitafute kiwanja."

"Mimi nililikuta suala hili mezani," akasema Mwenyekiti. "Likiwa mezani maana yake lipo."

Nikabonyeza kipaza sauti. "Basi si yameisha? Waandikieni waagizaji leo. Waambieni walete cheupe, hakuna wa kuwagusa. Watu wanakufa huko nje."

Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyeshiba. Kisha akamgeukia mama wa kampuni, akauliza swali ambalo nitakufa nalo.

"Na nchi jirani? Huko mmesajili?"

"Huko ndiyo."

Chumba kililipuka. Hata watikisaji wa vichwa walipata sauti. Jirani amesajiliwa na sisi hatukusajiliwa! Jirani ana nini? Jirani hata jengo kama hili hana! Mwenyekiti akavua skafu, na nikajua mambo yamefika pabaya.

"Kwa ufupi," akasema, na kwa mara ya kwanza kweli ikawa fupi, "tumedharauliwa."

Wakasahau wagonjwa kama watu wanavyosahau mwavuli. Ikapendekezwa barua kali ya kuitaka kampuni isajili hataza yake hapa mara moja, kama inavyofanya kwa mataifa mengine yenye heshima zake. Yule mama akawaambia kwa ustaarabu kwamba sheria hairuhusu. Dawa ikishajulikana duniani muda wa kuiombea hataza umepita. Mwenyekiti akasema sheria ni yetu wenyewe, tutamwomba waziri atoe kibali maalumu, na kamati itaongezewa muda ili isimamie usajili huo, kisha, hataza ikishapatikana, iendelee kuyaelewa mawanda yake.

"Mtakubali?" akamuuliza.

Yule mama akatabasamu kidogo sana. "Tukiombwa na serikali, tutakataaje?"

"Basi. Katibu, andika azimio. Wajumbe wote wanyooshe mikono, na Mwakilishi wa Wagonjwa ndiye aanze, ili ionekane limetoka kwa wananchi."

Wote wakanitazama. Nikasukuma kiti nyuma.

"Fundi, unakwenda wapi? Nyoosha kwanza mkono, mzee wangu."

"Chooni," nikasema.

"Tunakusubiri!"

Nikashuka ghorofa moja. Nikafika kwenye mlango wa kioo, yule mzee wa gazeti akaninyooshea kidole bila kuinua macho. "Choo kiko mbele."

"Leo sitaki choo. Nataka kujua kama kidonge cha njano, kile cha pumzi, kina hataza hapa kwetu."

Akaweka gazeti chini, akavaa miwani, akaandika kwenye kompyuta yake kwa kidole kimoja. Hakuchukua muda. Mtu anakaa zaidi akitafuta chenji.

"Hakina. Hakijawahi kuwa nayo."

"Sasa mbona hukutuambia? Kila siku tunapita hapa!"

"Mlikuwa mnapita mmebanwa," akasema. "Nitamzuiaje mtu aliyebanwa? Na hakuna aliyeniuliza. Nilijiambia wale ni watu wa juu, bila shaka wana habari zao."

"Mfamasia akija akauliza mwenyewe, utamjibu hivihivi?"

"Yeyote akija namjibu. Ofisi ya umma hii. Ila asije saa ya chakula."

Sikurudi juu. Nilitoka nje kwenye jua nikaenda moja kwa moja dukani kwa Daktari wa Kona, nikamkuta anamfungia mama mmoja dawa ya kikohozi.

"Acha hiyo," nikamwambia. "Uzio haupo."

"Kamati imesema?"

"Kamati haiwezi kusema kitu. Kamati inanisubiri nitoke chooni. Nenda ukamuulize mzee wa gazeti."

Alikwenda kesho yake, kabla ya saa ya chakula. Aliporudi alipita karakana kwangu, hakuingia, akasimama pale penye cheche akanipigia kelele kwamba ameagiza. Nilivua miwani ya kuchomelea. Nilisingizia moshi.

*

Simu zilianza kesho yake. Kwanza katibu, baadaye Wakili, hatimaye Kwa Ufupi mwenyewe. Azimio lao haliwezi kupita bila mimi, maana bila mwakilishi wa wagonjwa kikao si kikao. Na kunifukuza hawawezi, kwa sababu ili mjumbe afukuzwe inabidi kamati ikae, na ili ikae inabidi niwepo. Kanuni hizo walizitunga wenyewe, wakazifunga kwa ndani, wakasahau kuweka kitasa.

"Mheshimiwa Mwakilishi," siku hizi ananiita hivyo, "kwa ufupi, uko wapi?"

"Bado niko chooni, Mheshimiwa."

"Fundi, usifanye utani na mambo ya taifa."

"Sina utani. Tumbo."

Alikuja mpaka karakana, na gari lake, na suti. Alikaa kwenye ndoo ya rangi niliyoigeuza. Akaniambia nitapata pasipoti, ziara ijayo nitakaa dirishani kwenye ndege. Nikamwambia kuna jambo moja tu nataka anieleze, akilieleza nitapanda ngazi zake hata kwa magoti.

"Sema."

"Mke wangu alikatazwa na nani?"

Akafungua mdomo. Nadhani alitaka kusema kwa ufupi. Kisha akaangalia suruali yake, akaona rangi ya ndoo imemshika nyuma, akapata kazi ya kujikung'uta mpaka garini. Wanasema anatafuta njia ya kubadilisha kanuni. Kwa hilo kaunda kamati, na kamati hiyo nayo inahitaji mwakilishi wa wagonjwa, na wamenipigia.

Vidonge vilifika mawingu yakiwa yameshaanza kukusanyika. Daktari wa Kona alivileta mwenyewe nyumbani, pakiti ya kawaida, haina hata picha. Binti yangu alikuwa mezani na bakuli lake la uji. Alitoa kidonge kimoja, akakiweka kwenye kisosi, akanyoosha mkono kuchukua wembe kwenye kikombe unapokaa. Akakigeuza kidonge upande huu, akakigeuza upande ule.

"Baba, hiki hakina mstari. Nikikate wapi?"

"Hukikati."

"Nusu ya kesho je?"

"Kesho kuna kingine. Meza."

"Kizima?"

"Kizima, mama. Kizima."

Alikishika vidoleni kama kitu cha watu, amepewa akiangalie tu. Mimi nikauchukua ule wembe, nikauviringisha kwenye gazeti, nikaenda kuutupa, na kisosi nikakitia majini. Niliporudi alikuwa ameshakitia mdomoni. Akakimeza kwa uji, mzito, ule uzito ambao kamati ndogo mpaka leo haijautolea uamuzi.